MBUZI WA MAZIWA ALIYEPATA KUUMIA: AZAE TENA AU ASIZAE?

Somo hili ni kwa ninyi mnaofuga mbuzi katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, hasa ninyi mnaokaa karibu na machimbo. Katika vijiji vingi yuko mbuzi jike anayejulikana kwa jina lake. Hutulia akikamuliwa, huzaa mapacha, na watoto wa nyumba wamekua kwa maziwa yake. Siku moja huumia. Pengine alianguka katika shimo la wachimba dhahabu lililoachwa wazi. Pengine pikipiki ilimgonga njiani, au mbwa walimwuma, au kamba ilimkata mguu. Akauguzwa, akapona. Sasa mwenyewe anajiuliza: Je, nimpeleke tena kwa beberu, au nisimpeleke?

Watu hujibu kwa njia mbili, na zote mbili zina hasara. Mmoja husema, "Huyu ni kilema, atazaa vilema," akamwuza kwa wachuuzi wa nyama. Mwingine husema, "Nampenda sana, siwezi kumkosa," akampeleka kwa beberu bila kumtazama vizuri. Baada ya miezi mitano mbuzi anashindwa kuzaa, anakufa pamoja na watoto wake tumboni. Wa kwanza alimpoteza mbuzi mwema bure. Wa pili alimwua kwa mapenzi. Basi soma, upate kujua njia ya tatu.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Katika sehemu nyingi za nchi yetu mbung'o huwasumbua ng'ombe, wala si kila mtu aweza kuwafuga. Mbuzi ndiye ng'ombe wa mtu wa kawaida. Mbuzi wetu wa kienyeji hutoa maziwa machache. Wengi hawafikii lita moja kwa siku. Kwa hiyo jike mwenye maziwa mengi kuliko wenzake ni mali, na binti zake ni mali pia.

Tena kumbuka soko la machimbo. Salamabila, karibu na milima ya Namoya ambako dhahabu imechimbwa tangu siku za Wabelgiji, watu wengi hutafuta nyama kila siku. Mchuuzi hafikiri habari za maziwa. Hupima kilo tu. Ukimwuza jike mzuri kwa sababu anachechemea, fedha zitakwisha kwa mwezi mmoja, na uzao wake utakuwa umekwisha kijijini kwenu. Wenye mbuzi wakifanya hivyo wote, watabaki na majike wasio na maziwa, nao watashangaa kwa nini mbuzi wa siku hizi si kama wale wa zamani.

2. JERAHA HALIRITHIWI

Shika neno hili kwanza. Mguu uliovunjika haupiti kwa mtoto. Jicho lililotobolewa na mwiba halipiti kwa mtoto. Sikio lililoraruliwa na mbwa halipiti kwa mtoto. Baba aliyekatwa kidole kwa panga huzaa watoto wenye vidole vyote. Ndivyo ilivyo kwa mbuzi.

Lakini kasoro ya kuzaliwa yaweza kupita. Taya la chini lililozidi la juu hata meno hayakutani na ufizi, chuchu za ziada zinazozuia kukamua, miguu dhaifu inayolegea kwenye vifundo: mbuzi aliyezaliwa na mambo haya asizalishwe, hata akiwa mzima kabisa na hajaumia siku zote.

Tazama mfano wa pembe. Mbuzi mmoja hana pembe kwa sababu alizivunja akipigana. Mwingine hana pembe kwa sababu alizaliwa hivyo. Ukiwatazama kwa mbali ni sawa, lakini si sawa. Yule wa kwanza hawezi kuwapa watoto wake hali ya kukosa pembe. Yule wa pili aweza kuwapa watoto wake hali hiyo. Tena katika jamii za mbuzi wa Ulaya, kama Saanen na Toggenburg wa Uswisi, ukimpandisha jike aliyezaliwa bila pembe na beberu aliyezaliwa bila pembe, baadhi ya watoto huzaliwa huntha, si dume wala si jike, wasioweza kuzaa. Kwa hiyo usiulize tu, "Ana kasoro gani?" Uliza, "Aliipata wapi?"

3. MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Mbuzi aliyeumia akipona, usitazame ubaya wa kovu. Kovu kubwa laweza kuwa si kitu, na jeraha lisiloonekana laweza kuua. Jiulize maswali haya:

Kwanza, ataweza kuchukua mimba, yaani kusimama, kutembea na kula huku tumbo likiwa zito?

Pili, ataweza kuzaa, yaani njia ya mtoto iko wazi?

Tatu, ataweza kunyonyesha?

Jibu la kwanza na la pili likiwa ndiyo, aweza kuzaa. Jibu la tatu likiwa nusu, aweza kuzaa, lakini itakupasa kumsaidia. Jibu la kwanza au la pili likiwa hapana, asizae.

4. MTAZAME KIUNGO KWA KIUNGO

Mguu. Mfupa wa mguu wa mbuzi mkubwa, ukifungwa vizuri kwa vibanzi vya mwanzi na pamba au kitambaa laini chini yake, hushikana kwa muda wa majuma sita hadi manane. Kufunga huku kwafaa hasa mifupa ya chini ya mguu. Vibanzi vishike kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika, wala visikaze mno. Kwato zikiwa baridi au mguu ukivimba, fungua ufunge upya. Lakini mfupa kushikana si kupona kabisa. Ngoja tena. Livingstone, yule msafiri, alifika Kabambare mwezi wa Septemba 1869, mahali alipopaita Bambarre. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimkalisha huko miezi kadhaa, asiweze kuendelea na safari. Ikiwa mtu mwenye haja kubwa ya kwenda alilazimika kungoja, mbuzi naye angoje.

Mtazame mbuzi asubuhi. Je, ainuka peke yake bila kusaidiwa? Asimama kwa miguu minne akila, au mmoja huninginia? Aweza kwenda mtoni na kurudi pamoja na wenzake? Akifanya haya yote, kuchechemea kidogo hakumzuii kuzaa. Mguu wa mbele si hatari sana kama wa nyuma, kwa kuwa ni miguu ya nyuma inayobeba uzito wa beberu. Mbuzi mwenye miguu mitatu tu asizae ikiwa tayari hupiga magoti kula, maana mwezi wa mwisho wa mimba atashindwa kuinuka.

Usisahau kwato. Mguu usiokanyaga chini vizuri hausagi kwato zake. Hukua mrefu na kupinda, na mbuzi huzidi kuchechemea. Ukate kwa kisu kikali kila mwezi, kidogo kidogo, ukiacha mara uonapo rangi ya waridi.

Nyonga. Hapa ndipo penye hatari kubwa kupita zote, wala hapaonekani kwa macho. Mtoto wa mbuzi hupita katika pete ya mifupa ya nyonga. Pete hiyo ikivunjika na kupona vibaya, njia huwa nyembamba. Mama hutembea vizuri, hunona, huchukua mimba. Lakini siku ya kuzaa mtoto hawezi kupita. Basi mbuzi aliyegongwa na pikipiki au kuanguka shimoni akashindwa kusimama kwa miguu ya nyuma siku kadhaa, mhesabu kuwa amevunjika nyonga mpaka mganga wa wanyama ampime na kusema sivyo. Wewe mwenyewe simama nyuma yake, utazame ile mifupa miwili ya juu: je, ni sawasawa, au mmoja umeshuka? Ikiwa umeshuka, usimpeleke kwa beberu.

Tumbo. Ukiona uvimbe laini ubavuni au chini ya tumbo, unaorudi ndani ukiubonyeza, hiyo ni ngiri. Nyama ya tumbo imepasuka chini ya ngozi. Mimba itaipasua zaidi. Asizae.

Kiwele na chuchu. Kamua matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi. Ukiona damu, usaha au mabonge, ungali ugonjwa, mtibu kwanza. Ikiwa upande mmoja wa kiwele umekuwa mgumu na kukauka, hautarudi kwa kawaida. Hata hivyo mbuzi huyu aweza kuzaa, na upande mmoja waweza kulea mtoto mmoja vizuri. Akizaa mapacha, mmoja umsaidie kwa chupa.

Jicho. Mbuzi mwenye jicho moja ni mama mzuri. Mkaribie upande anaoona, umwite kabla ya kumgusa. Baada ya kuzaa tazama kwamba mtoto asiyeonekana hakanyagwi.

Pembe. Pembe iliyovunjika karibu na kichwa huacha tundu linaloingia ndani ya mfupa wa kichwa. Lifunike kwa kitambaa safi, nzi na maji ya mvua visiingie. Likiisha kuziba, si kizuizi cha kuzaa.

Majeraha ya kuzaa. Ikiwa alizaa kwa taabu, ukumbuke sababu. Mtoto alikaa vibaya tumboni? Mara nyingine aweza kukaa vizuri. Lakini ikiwa njia ilikuwa nyembamba, au kizazi kilitoka nje, au uke hutoka nje kila anapokuwa na mimba, asizae tena. Wala usihifadhi binti za mbuzi ambaye uke wake hutoka nje hivyo, kwa kuwa jambo hili laweza kupita kwa watoto.

5. KUMCHAGULIA BEBERU

Watu wengi hupenda beberu mkubwa. Kweli, damu ya nje huongeza maziwa. Huko Meru, katika Kenya, shirika la FARM-Africa lilianza mwaka 1996 kazi ya kuwapandisha mbuzi wa kienyeji na mabeberu wa Toggenburg, na watoto wao walitoa maziwa kupita mama zao. Lakini hilo ni kwa majike wazima. Jike mdogo wa kienyeji aliyeumia asipelekwe kwa beberu mkubwa wa Ulaya. Uzito wake utamwangusha, na mtoto aweza kuwa mkubwa mno kwa njia ya mama. Mchagulie beberu mwepesi, wa jamii yake, ambaye mama yake alikuwa na maziwa mengi.

Asiwe baba yake wala mwanawe. Hapa wengi hupotea bila kujua: vidume vya miezi mitatu au minne vyaweza kupanda tayari. Vitenge na mama zao na dada zao.

Usimwache jike aliyeumia akifukuzwa na beberu siku nzima. Mngojee mpaka awe na joto: hutikisa mkia, hulia sana, uke huvimba kidogo, hali chakula vizuri. Joto hudumu siku moja au mbili, na hurudi baada ya siku 21 hivi. Basi umpeleke, mtu mmoja amshike shingo, mwingine amtegemeze kiunoni. Apandwe mara moja au mbili, kisha umrudishe nyumbani. Kesho yake, akiwa bado na joto, apandwe tena.

Andika tarehe ukutani au katika daftari. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Akipandwa tarehe 1 Juni, atazaa karibu na tarehe 29 Oktoba. Wakati huo mvua zimekwisha rudi na majani ni mabichi. Ni wakati mzuri kwake.

6. KUMTUNZA AKIWA NA MIMBA

Usimpandishe akiwa amekonda. Pitisha mkono mgongoni na mbavuni: ukihisi mifupa mikali kama meno ya msumeno, mlishe kwanza miezi miwili.

Miezi mitatu ya kwanza ya mimba ale vizuri kama siku zote. Miezi miwili ya mwisho watoto hukua kwa haraka. Umwongezee chakula, na ikiwa bado unamkamua, uache, kiwele kipumzike. Mpe majani ya karanga, matembele, majani ya mfenesi, na pumba za mpunga kiasi. Mpe chumvi na maji safi. Majani na maganda ya mihogo michungu usimpe yakiwa mabichi, kwa maana yana sumu. Yakaushe kwanza juani.

Mbuzi mwenye mguu mbovu umwekee chakula juu, sawa na kifua chake, asipige magoti. Sakafu ya nyumba yake iwe kavu. Ikiwa nyumba imeinuliwa juu ya nguzo, umtengenezee njia pana yenye mteremko mdogo, asiruke.

Asichungwe karibu na mashimo. Yale yaliyoachwa yazungushieni miti yenye miiba. Ni kazi ya kijiji kizima, maana leo ameanguka mbuzi, kesho ataanguka mtoto. Tena asinywe maji ya mahali wanaposafisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki ni sumu kwa mnyama, na ni sumu kwa mtu.

7. SIKU YA KUZAA

Ikiwa mama huyu alipata kuumia, asizae peke yake porini. Siku tano kabla ya tarehe uliyoandika, akae nyumbani kwenye majani makavu.

Kwa kawaida huonekana kwanza mfuko wa maji, kisha kwato mbili za mbele na pua juu yake. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hata saa moja bila kuonekana kitu, mwite mganga wa wanyama au mtu mwenye ujuzi mara hiyo. Usingoje mpaka kesho. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, wala usivute kwa nguvu mtoto aliyekaa vibaya.

Mtoto akizaliwa, mpanguse pua. Anyonye maziwa ya kwanza, yaani dang'a, kabla ya saa moja kupita ikiwezekana. Mama mwenye mguu mbovu huenda asisimame muda mrefu. Umtegemeze, umsogeze mtoto kwenye chuchu. Kondo la nyuma huanguka lenyewe ndani ya saa chache. Likikawia zaidi ya saa 12, usilivute; tafuta mganga.

8. MAZIWA YA NYUMBANI

Maziwa ya mbuzi aliyepona ni mazuri kama ya mwingine. Kilema cha mguu hakimo katika maziwa. Lakini akiwa anatiwa dawa, maziwa yake yasinywewe na watu mpaka siku alizotaja mganga ziishe. Na maziwa yote yachemshwe mpaka yatokote, kwa kuwa yako magonjwa yanayotoka kwa mbuzi kwenda kwa watu kwa njia ya maziwa mabichi. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi sita anyonye kwa mama yake tu.

9. NA YULE ASIYEFAA KUZAA?

Hapa moyo huuma, lakini sikiliza. Kama umempenda mbuzi wako, na umeona kwamba nyonga yake imevunjika, kumnyima beberu ndiyo huruma. Usiseme, "Tujaribu mara moja tu, nipate binti mmoja." Jaribio hilo hulipwa kwa uhai wake, na mara nyingi na binti huyo hapatikani.

Wala si lazima achinjwe kesho. Jike aliyezaa aweza kuendelea kukamuliwa miezi mingi bila mimba mpya, akilishwa vizuri na kukamuliwa kila siku bila kuachwa. Hufaa pia kuongoza wengine malishoni. Walinde binti zake aliokwisha kuzaa kabla ya kuumia: damu yake imo ndani yao, na uzuri wake hautapotea. Mwenyewe ndiye ajuaye hali ya nyumba yake na haja zake. Lakini akae mbali na beberu, usiku na mchana.

MANENO YA KUKUMBUKA

Jeraha halirithiwi, kasoro ya kuzaliwa yaweza kurithiwa.
Usitazame kovu, tazama kama aweza kuchukua mimba, kuzaa na kunyonyesha.
Nyonga iliyovunjika, ngiri, na kizazi kilichotoka nje: asizae.
Jike aliyeumia apewe beberu mwepesi, si mkubwa.
Andika tarehe, uhesabu siku 150.

MASWALI

1. Mbuzi wa jirani ana jicho moja, na mwingine taya lake limezidi tangu kuzaliwa. Yupi afaa kuzalishwa? Kwa nini?
2. Kwa nini mbuzi aliyegongwa na pikipiki aweza kutembea vizuri na hata hivyo asifae kuzaa?
3. Mbuzi wako alipandwa tarehe 1 Juni. Utaacha kumkamua mwezi gani? Utamweka nyumbani tarehe gani?
4. Hesabu mashimo yaliyo wazi karibu na malisho yenu. Mtayazungushia nini, na ni nani ataanza kazi?